Kanuni Ikae Bandarini, Isiingie Mfukoni

Siku ya kupeleka majani chai, mkulima wa Sigowet, kaunti ya Kericho, hafiki kituoni na mizani yake. Anafika na mfuko, anapanga foleni, karani anautundika mfuko kwenye mizani ya kielektroniki, namba inasomwa, uzito wa mfuko mtupu unakatwa, risiti inatoka. Mizani hiyo hakuichagua yeye. Aina yake, ukubwa wa kosa linaloruhusiwa na muhuri wa mkaguzi unaopaswa kuwekwa juu yake vimeamuliwa na Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya sheria za Kenya. Malalamiko kituoni hayakosi: lori limechelewa, bonasi ni ndogo, karani amekata kupita kiasi kwa sababu majani yalinyeshewa. Lakini katika manung'uniko yote hayo, hasikiki mtu akitaka serikali iondoe mkono wake kwenye mizani ili kila mnunuzi aje na kilo ya kwao.

Akitoka hapo, mkulima huyohuyo hupita sokoni, kwenye vibanda vyembamba vinavyouza simu, kava na chaja, ambako fundi ameinamia simu iliyopasuliwa tumbo. Hapo hoja hugeuka. Hapo serikali ni mwizi tu. Ikisema simu ziidhinishwe, inatafuta kodi. Ikisema runinga zihamie dijitali, kuna tajiri anayeuza ving'amuzi. Waache watu wanunue wanachotaka, husemwa, na muuzaji wa takataka atafunga duka mwenyewe wateja wakimkimbia. Na maneno haya si ya kibandani pekee. Yanasikika ndani ya matatu za kwenda Sondu, yanasikika redioni wasikilizaji wanapopiga simu, na huko Nairobi wachumi wenye tai huyarudia kwa lugha ya soko huria. Yamegeuka ukweli usiodaiwa ushahidi: kanuni ya serikali kuhusu kifaa humpunguzia mnunuzi uchaguzi.

Dai hilo lina mahali pa kusimama. Wakenya wamewahi kuzimiwa simu, wamewahi kuzimiwa runinga, na mwishoni mwa mwaka 2024 waliambiwa kwamba simu isiyolipiwa ushuru haitaruhusiwa kwenye mtandao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ila ung'ongo si nyoka, na kosa la hoja hii ni kuviweka vyote viwili katika kapu moja. Zipo kanuni zinazomkamata muuzaji na mtengenezaji kabla bidhaa haijafika dukani, na zipo zinazomkamata mnunuzi baada ya kutoa pesa. Za kwanza ndizo zilizompa mtu wa Sigowet uchaguzi alio nao leo. Za pili ndizo zilizomuuma.

Turudi kwenye mizani, maana jibu lilianzia hapo. Kwa miaka mingi mkulima mdogo wa Kericho alikuwa na mnunuzi mmoja, KTDA, iliyoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kubinafsishwa mwaka 2000. Siku hizi wapo pia wachuuzi wanaonunulia viwanda vya watu binafsi, wenye pikapu kando ya barabara na pesa mkononi. Mkulima anaweza kungoja bonasi ya mwisho wa mwaka au kuchukua chake leo. Wapo wanaowapenda wachuuzi hao na wapo wanaowalaani; hilo tuliache. Swali ni hili: mkulima analinganishaje bei mbili? Tuseme mmoja anatoa shilingi 25 kwa kilo na mwingine 28. Mwenye 28 anaonekana mkarimu. Lakini kama mizani yake inasoma gramu 850 pale ambapo pana kilo kamili, anacholipa kwa kilo ya kweli ni shilingi 23 na senti 80. Ukarimu umekwisha. Mkulima ana wanunuzi wawili wa kuchagua kati yao kwa sababu tu serikali imekataa kuwepo kwa kilo mbili.

Simu ni mizani ambayo mnunuzi haoni ndani yake. Anaona rangi, anaona ukubwa wa kioo, anasoma namba ya kamera iliyobandikwa nyuma. Haoni kama betri ina kinga ya kuizuia isichemke ikichajiwa usiku kucha. Haoni nguvu ya mawimbi yanayotoka karibu na sikio lake. Wala haoni simu hiyo imetengenezwa kushika masafa gani, na hili la masafa ndilo linalowaudhi wengi bila wao kujua chanzo.

Mfano wake uko karibu. Familia nyingi za Kericho na Bomet zina mtu Marekani, aliyekwenda kusoma, kukimbia mbio au kuuguza wagonjwa, na simu ni zawadi ya kawaida anayowatumia wa nyumbani. Safaricom ilipozindua 4G mwezi Desemba 2014 ilitumia masafa ya megahezi 800 na 1800. Mawimbi ya 800 husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo ndiyo yanayofaa nchi ya milima na mabonde ambako minara imeachana. Sasa, simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazishiki masafa hayo ya 800. Zawadi inawaka, inapendeza, inakwenda kasi mjini Kericho. Ikifika kwenye miteremko ya kuelekea Soin inarudi nyuma miaka kumi. Mwenyewe hulaumu mtandao. Fundi anaweza kubadilisha kioo, spika na hata tundu la chaja, lakini masafa hayabadilishwi kwa bisibisi. Kumtaka mwagizaji wa shehena ya simu aonyeshe kwamba zinashika mawimbi ya nchi hii kabla hajaziuza ni kumpa mnunuzi kitu asichoweza kujipatia mwenyewe hata angekuwa mjanja kiasi gani.

Watetezi wa soko watasema mnunuzi atajifunza. Atajifunza, ndiyo, kwa hasara. Mtu anayenunua sukari kila wiki anaweza kumhama muuza duka anayepunja. Simu hununuliwa mara moja kwa miaka kadhaa, mara nyingi kwa pesa za bonasi, na aliyeiuza siku ya gulio huenda wiki ijayo yuko gulio jingine. Adhabu ya soko hufika wakati mhusika ameshaondoka.

Halafu kuna chaja. Aliyekuwa na simu vijijini miaka ya nyuma, kabla umeme haujafika kwenye maboma mengi, anakumbuka kibanda cha kuchaji. Simu zilipelekwa asubuhi, kila moja ikapewa kipande cha karatasi chenye namba, na mwenye kibanda alikuwa na waya wenye vichwa vingi kama pweza: pini nene ya Nokia, pini nyembamba ya Nokia, kile kipana cha Samsung, kile cha Motorola. Aliyekuwa na simu ya jina lisilojulikana aliambiwa kichwa chake hakipo. Huo ndio ulikuwa uhuru wa soko kwa ukamilifu wake: kila kampuni na tundu lake. Mnunuzi alichagua simu, kisha simu ikamchagulia chaja, waya na wakati mwingine hata kibanda.

Nani alimaliza vurugu hizo? Soko lilisogea kidogo lenyewe, tukubali. Lakini kampuni iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote, Apple, ilibaki na tundu lake na kudai kwamba kulazimishwa kutumia tundu moja kungeua ubunifu. Muungano wa Ulaya ukapitisha sheria mwaka 2022: kuanzia Desemba 28, 2024, simu na vifaa vidogo vinavyouzwa katika nchi zake viwe na tundu la USB-C. Apple haikusubiri tarehe. Septemba 2023 ilitoa iPhone 15 yenye tundu hilo, na si Ulaya pekee bali dunia nzima, maana hakuna faida kutengeneza simu mbili. Ubunifu haukufa. Leo katika nyumba moja ya Sigowet simu ya mama iliyotengenezwa China na ya kijana aliyetoka chuo yenye nembo ya tofaa zinaweza kuchajiwa kwa waya mmoja. Uamuzi ulifanyika Brussels, ambako mtu wa Sigowet hana kura. Anayedhani kutokuwa na kanuni kunamwacha mnunuzi huru hajaona kwamba kanuni ipo tayari; swali ni nani ameiandika, bunge au idara ya mauzo ya kampuni.

Na kufuli, je? Wengi wakisikia simu kufungwa kutoka mbali hufikiria serikali. Hebu waangalie vizuri. Julai 2020 Safaricom na Google walizindua mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku baada ya malipo ya kwanza. M-Kopa, iliyoanza na taa za sola mwaka 2012, nayo huuza simu kwa malipo ya kila siku. Ni mipango iliyowafikisha watu wengi kwenye intaneti, na mwendesha boda asiyeweza kutoa elfu kumi kwa mkupuo ana sababu ya kuishukuru. Lakini utaratibu wake ni huu: siku zikipita bila malipo, simu hufungwa kutoka mbali mpaka deni lisogezwe. Hakuna jaji anayesikiliza kwanza. Hii ni orodha ya simu zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, imo mikononi mwa kampuni binafsi, na kibandani haipigiwi kelele hata robo ya ile inayopigiwa serikali. Inaitwa mkataba. Mteja aliusaini, kweli. Wangapi waliusoma ni suala jingine.

Kwingineko ni sheria ndiyo iliyovunja kufuli. Marekani, Agosti 2014, Rais Barack Obama alisaini sheria iliyomruhusu mwenye simu kuifungua itumike kwenye mtandao mwingine, na jina la sheria hiyo lenyewe linataja uchaguzi wa mtumiaji. Uingereza, kuanzia Desemba 2021, msimamizi wa mawasiliano alizipiga marufuku kampuni kuuza simu zilizofungiwa mtandao mmoja. Simu za mtumba kutoka Uingereza zinapendwa sana katika maduka ya Kenya. Mnunuzi wa Kericho anayechomeka laini yoyote na simu ikakubali anafaidi kanuni ya serikali ya watu wengine, huku akiilaani ya kwake.

Mfano ambao hutolewa kila mara dhidi ya serikali ni runinga, na huo unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko unavyopewa. Mataifa yalikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba ifikapo Juni 17, 2015 matangazo ya mfumo wa zamani yakome katika kanda yetu. Kenya iliwasha mitambo ya dijitali Desemba 2009, Rais Mwai Kibaki akiwa madarakani. Ikaanza na mfumo wa DVB-T, halafu ikabadili mawazo na kuhamia DVB-T2 ulio bora zaidi. Waliowahi kununua ving'amuzi vya kwanza walibaki na masanduku ya kuwekea vumbi. Hilo lilikuwa kosa la serikali, na halina utetezi: anayeweka kipimo hapaswi kukibadilisha watu wakishanunua.

Kisha zikaja kesi na tarehe zilizoahirishwa, hadi Mahakama ya Juu. Februari 14, 2015 mitambo ya zamani ilizimwa, na NTV, KTN, Citizen na QTV zikanyamaza kwa karibu wiki tatu, wamiliki wake wakivutana na Mamlaka ya Mawasiliano. Watu waliokuwa wamezoea taarifa ya saa moja jioni walikaa na redio. Mzozo huo ndio unaokumbukwa, na kutokana nao watu wakahitimisha kwamba serikali iliwalazimisha kununua king'amuzi cha fulani.

Lakini tazama kilichotokea dukani. Palikuwa na ving'amuzi vya aina mbili. Cha kwanza kilikuwa cha vituo vya bure: mradi kimefuata kipimo cha T2, kilitoka kampuni yoyote, kikauzwa duka lolote, kikachomekwa kwenye antena, na kikashika vituo vyote visivyolipiwa. Ukichoka nacho unanunua cha jirani yake, na ukinunua runinga mpya yenye mfumo huo ndani huhitaji king'amuzi kabisa. Cha pili kilikuwa cha kampuni ya kulipia. Hiki kinafungamana na kampuni iliyokiuza. Kadi ya kampuni nyingine haikifungui, na ukihamia kwa mshindani wake unaacha sanduku moja na kununua jingine. Mawimbi ni ya mfumo uleule. Tofauti ni kwamba kwa cha kwanza kanuni ilifika hadi mwisho, na kwa cha pili iliishia mlangoni mwa kampuni. Kama kulikuwa na kosa la kanuni mwaka 2015, ni kwamba haikuwalazimisha wenye runinga za kulipia kuuza masanduku yanayofungukiana. Wananchi waliumizwa na pengo katika kanuni, wakaenda kuilaumu kanuni.

Sasa nyoka mwenyewe.

Usiku wa Septemba 30, 2012, kampuni za simu nchini zilitekeleza agizo la Tume ya Mawasiliano, kama ilivyoitwa wakati huo, la kuzima simu ghushi. Simu karibu milioni 1.9 zilikatwa. Tarehe ilikuwa imeahirishwa tangu mwaka 2011, na watu walishaambiwa wabonyeze *#06#, waone namba ya utambulisho ya simu, yaani IMEI, na kuituma kwenda 1555 ili wajue kama simu ni halali. Tanzania ilifanya vivyo hivyo usiku wa Juni 16, 2016, namba ya kuulizia ikiwa 15090. Serikali zilijisifu kwamba zimemlinda mlaji. Kutoka chini mambo yalionekana tofauti. Simu za Mchina, kama zilivyoitwa, zilikuwa na laini mbili wakati ambapo simu nyingi za majina makubwa zilikuwa na moja. Zilikuwa na spika ya kutosha kuchangamsha kazi shambani, na bei yake ilikuwa ya mtu wa chini. Aliyezinunua hakuwa mhalifu. Alinunua dukani, mchana, kwa muuzaji mwenye leseni ya biashara ukutani. Shehena zilikuwa zimepita Mombasa au uwanja wa ndege mbele ya macho ya watu wanaolipwa kuzizuia. Kenya ilikuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka tangu Septemba 2005, chini ya Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Mlango wa kuzuia ulikuwepo. Uliachwa wazi, kisha faini ikakusanywa kutoka kwa aliyekuwa wa mwisho katika mnyororo na mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wa kanuni hulisahau. Uchaguzi haukufa baada ya usiku ule. Tecno na itel zilizokuja kujaa sokoni zilibeba yaleyale yaliyopendwa kwa Mchina, laini mbili na betri ya kukaa siku kadhaa, zikiwa na jina la kweli na mahali pa kupeleka malalamiko. Mahitaji ya watu hayakuhitaji ughushi ili yatimizwe. Kwa hiyo kipimo kilichotakiwa mwaka 2012 hakikuwa kibaya. Kibaya ni mahali kilipowekwa.

Tangu hapo mahali penyewe pamezidi kusogea kuelekea mfukoni. Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kufunga mtambo wa kusimamia simu ndani ya mitandao ya kampuni. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda kortini, Jaji John Mativo akausimamisha mwezi Aprili 2018, na Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo mwaka 2020. Kisha mwishoni mwa mwaka 2024 zikaja notisi kwamba kuanzia Januari 1, 2025 waagizaji na waunganishaji wa simu waziwasilishe namba za IMEI kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, na kampuni za mitandao ziunganishe tu simu zilizothibitishwa kulipiwa kodi. Hata msafiri anayeingia nchini alitakiwa kuandika IMEI ya simu yake kwenye fomu ya F88 ya abiria.

Neno "feki" ndilo lililobeba mzigo hapa, na halikupaswa. Mitaani neno hilo hutaja mambo matatu yasiyohusiana. Kuna simu iliyoiba jina la kampuni nyingine. Kuna simu yenye jina lake halali ambayo haijapimwa. Na kuna simu halisi, nzima, iliyopimwa, ambayo imeingizwa kwa njia ya panya bila kulipiwa ushuru. Ya kwanza ni suala la wizi wa nembo, ya pili ni la usalama, ya tatu ni la hazina ya taifa. Simu ya tatu haina ubaya wowote kwa sikio la mtumiaji wala kwa mtandao. Kuizima kwa jina la kumlinda mlaji ni kama mkaguzi wa mizani kukataa kuipiga muhuri mizani iliyo sahihi kwa sababu mwenye kituo ana deni la kodi. Muhuri utapoteza maana, na mkulima atakosa mahali pa kupimia. Taasisi ya Katiba ilipinga notisi hizo, na Julai 2025 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Chacha Mwita, ikazibatilisha, ikisema zinakiuka haki ya faragha.

Ukitazama bei, kilichompunguzia mtu wa Sigowet uchaguzi wa simu kwa miaka hii kumi na tano ni kodi zaidi ya viwango. Mwaka 2009 serikali iliondoa ushuru wa thamani kwa simu, na simu zikashuka. Mwaka 2013 ikarudisha asilimia 16. Mwaka 2022 ikaongeza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje. Oktoba 2023 Rais William Ruto akafungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, na simu mbili za kwanza zikatoka kwa shilingi 7,499 na 8,999. Ni simu za bei nafuu, na kazi kwa vijana si jambo la kudharauliwa. Lakini rais huyohuyo alikuwa amewaahidi watu simu ya dola 40, na shilingi 7,499 wakati huo zilikuwa karibu dola 50. Mtu anaweza kuiunga mkono sera ya viwanda au kuipinga. Asiite kodi kipimo cha ubora, wala asiite kipimo cha ubora kodi. Wizara zimechanganya makusudi, na wananchi wamejibu kwa kuchanganya vilevile.

Kericho si mahali pa kufundishwa tofauti hiyo. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto katika mashamba makubwa, waliozichoma hawakuwa wakibishana kuhusu ubora wa visu vyake. Ubishi ulikuwa ni nani aliyeamua na nani abebe hasara. Maswali hayo mawili yanafaa kuulizwa kwa kila notisi inayohusu kifaa, kabla ya kushangilia na kabla ya kupiga kelele. Kanuni inayomtaka mwenye kontena athibitishe masafa, betri na tundu la chaja ina jibu zuri kwa yote mawili. Inayomtaka bibi wa miaka 70 ajue kama aliyemuuzia simu ndogo ya kabambe alilipa ushuru haina.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaoridhisha na haki ya kupewa habari za kumwezesha kuzitumia vyema. Haki hizo mbili haziwezi kutolewa na kibanda, kwa sababu kibanda chenyewe hakijui kilichomo ndani ya simu kinazouza. Zinaweza kutolewa na mkaguzi aliyefika mapema. Wanaoimba kwamba serikali ijiondoe kabisa wanamwomba mkaguzi huyo aende nyumbani, kisha wanashangaa mteja akiachwa peke yake na kampuni.

Hukumu ya Julai 2025 haikufuta haja ya viwango, na Mamlaka ya Mawasiliano haitakaa kimya milele. Itakapokuja na kanuni nyingine, wabunge wa Kericho na Bomet waisome kwa jicho la mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya majani chai. Gharama ya kupima ibebwe na mwagizaji na kiwanda. Matokeo ya vipimo yabandikwe kwenye boksi kwa Kiswahili kinachoeleweka: masafa inayoshika, aina ya chaja, miaka ya dhamana, na kama muuzaji ana uwezo wa kuifunga kutoka mbali. Simu iliyokwisha kuuzwa isizimwe bila amri ya korti. KRA ifuate makontena Mombasa na Athi River, iache namba za watu. Na mkulima akishuka sokoni na pesa zake za bonasi, aikute simu imeshapimwa, kama alivyoikuta mizani asubuhi ile ikiwa na muhuri.